Mlango wa Saba

Mistari ishirini na minne, nimeiandika Kondele
jenereta ya kinyozi ikinguruma chini ya sakafu.
Kifurushi kimoja, neno moja: "Upo?"
Nakirusha Webuye, mlango wa saba,
ule ambao kazi yake ni kurudisha unacholetewa.
Hakuna kupeana mikono kwanza.
Hakuna risiti.
Subira nimeipimia sekunde mbili.

Kimya.

Mlango wa kumi na tatu, mtaja saa: kimya.
Wa tisa humeza tu, huo siulaumu.

Lusweti anapiga simu: "Nilichomoa waya nichaji simu,
nimeurudisha."

"Upo?" narusha.
"Upo?" Swali langu lenyewe limerudi,
halikupungua herufi,
nalo ndilo jibu.

Na saa ya Webuye, kumbe,
iko nyuma dakika tisa.