Kwa Kambere, Aliyepata Mbwa Mzima

Kamba niliyokupelekea na Mapendo ni ya katani.
Nailoni hukata, na shingo ile
tayari ina alama ya waya
ambayo hatutajua aliifunga nani.

Umeniandikia: nimepata mbwa mzima.
Neno zuri, lakini lisikudanganye.
Mzima maana yake amekwisha kukua,
si kwamba hakuna mahali palipovunjika.

Usiku wa kwanza hatakula.
Utamwekea bugali na vichwa vya sambaza,
atavitazama kama barua ya deni.
Acha sahani. Geuka, kaoshe sufuria zako.
Kuna mbwa ambao hula
wakiona mgongo wa mtu tu.

Jina, usilikimbilie.
Wangu nilimwita Simba, Medori, Bobi, Tigre,
nikamjaribia hata la shemeji yangu. Kimya.
Siku ya kumi na moja watoto walipita njiani,
mmoja akampigia mwenzake kelele: Kapitene!
na sikio la kushoto likasimama.
Moja tu, Kambere.
Nililia pale pale kwenye beseni la nguo.

Wazee husema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Huyu usimpe jembe, wala lango alilinde,
hata wiki ya tatu ikifika.
Majirani wa Katindo watakuuliza: anauma?
Jibu: bado sijui.
Ndiyo kweli yenyewe,
na wezi huiogopa kuliko uongo.

Mimi nilikosea. Wiki ya pili nilimkumbatia
kwa nyuma, kwa furaha,
akanitoboa kidole gumba.
Kovu bado huniuma nikitunga uzi kwenye cherehani.
Simlaumu. Na mimi nikishikwa shingo ghafla
na mtu nisiyemwona, nitauma.

Chanjo ya kichaa, usingoje mshahara. Kopa.
Niliuza vitenge viwili, kimoja nilikipenda.

Saa sita za mchana usimtembeze juu ya mawe ya mlima,
jua likiwaka yanageuka kikaango.
Wewe una sandali, yeye ana nyayo.
Toka alfajiri, kabla ya chukudu za makala,
maana magurudumu yale ya mbao yakipiga kelele
wangu hulala tumbo chini, katikati ya barabara,
na hakuna wa kumwinua. Nami husimama hapo,
watu wakicheka, mpaka apate miguu yake.

Ardhi ikitikisika ataingia chini ya kitanda.
Usimvute. Lala sakafuni karibu naye kama unaweza,
sema lolote, bei ya unga, lolote,
kwa sauti ya kila siku.

Mama yako atasema mbwa ni kitu cha nje.
Mkubalie, usibishane.
Ngoja mvua ya Aprili, ile inayopiga mabati
mpaka watu hawasikilizani:
yeye mwenyewe ndiye atakayefungua mlango wa jikoni
na kusema ni kwa sababu ya upepo.

Bado jambo moja, nami sipendi kuliandika.
Ule usiku mlima ulipofunguka
watu walikimbia na godoro, na redio, na watoto,
mikono ikajaa.
Usimtukane aliyemwacha.
Huenda siku moja atasimama langoni kwako,
amerudi kutoka Sake au Minova, amekonda,
na kabla hujamsalimu ataita jina
ambalo wewe hukulijaribu kamwe.
Utaona masikio yote mawili.

Sijui utafanya nini. Mimi pia sijui.
Kila gari likisimama nje naacha kushona,
namtazama Kapitene, naye ananitazama,
halafu gari linaondoka.

Kamba usinirudishie.