Kiungo cha Kumi na Saba

Maji yalikatika Jumapili, katikati ya ubatizo.
Mzee wa kanisa aliyetumwa na jagi
akarudi na jagi tu.
Mchungaji akabaki na kiganja kikavu
juu ya utosi wa mtoto,
na mama mmoja benchi la nyuma akasema, wala hakunong'ona:
"Swalo angekuwepo."

Mwaka wa nne huu tangu tumlaze Enoki Swalo
kwenye kilima cha misindano,
na bado huku kwetu Makete, bomba likikohoa,
jina lake hutoka kwanza,
maji baadaye.

Hakuwa injinia.
Mradi ulikuja, ukafunguliwa kwa utepe na ngoma,
ukaondoka na magari yake,
ukamwachia spana moja na maneno: mtaendelea wenyewe.
Akaendelea mwenyewe.
Miaka thelathini na moja
alipanda korongo kabla ya jogoo,
tochi mdomoni, koti la mtumba limekazwa kwa kamba ya katani,
akaondoe majani kwenye chujio la chanzo
kwa vidole vilivyokwisha kuisahau baridi.
Tulipishana naye tukienda shule.
Hakutusalimu kama wazee wengine.
"Yanatoka?"
Basi, hilo tu.
Tukacheka, tukamwita Mzee Yanatoka.

Malipo: debe la viazi kwa mwezi
kutoka kwa kila kaya iliyokumbuka.
Kaya nyingi zilikuwa na usahaulifu.

Na hili sitalificha, maana mazishini lilifichwa:
nyumba yake iko juu ya tangi.
Maji hushuka, hayapandi.
Mkewe, Tusekile, alijitwika ndoo miaka yote hiyo
kutoka bomba la jirani,
akiwapita watu wakimsifu mumewe.
Kuna aliyewahi kuzihesabu ngazi zile za udongo?
Mimi sikuzihesabu.

Jumatatu tukachimba. Mwezi wa saba,
sakitu imetanda juu ya viazi kama unga uliomwagika,
sululu inagonga na kurudi na mlio wake hadi begani.
Daftari lake ninalo mimi sasa,
lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Kila kiungo kina hatua zake, kutoka jiwe hadi mwanzi,
na mahali pamoja, kwa penseli:
*Kumi na saba. Huyu ni mgonjwa. Nimemfunga.*

Nikafika kumi na saba nikitarajia tope.
Udongo ulikuwa mkavu.
Mpira wa baiskeli, mizunguko tisa,
ncha imechomekwa ndani
kama mwanamke anavyofunga kanga siku ya safari ndefu.
Nikaweka mkono pale. Sikuharakisha.
Kilichopasuka ni cha kumi na nane,
cha mkandarasi, cha mwaka jana,
chenye dhamana.

Nilikata mpira wa baiskeli yangu.
Mara mbili nikafunga, mara mbili ukateleza,
nikachungulia tena kwa yule mgonjwa,
nikamwiga mzunguko kwa mzunguko hadi tisa.
Saa kumi jioni bomba la kanisani likakohoa,
likatema kutu,
likanyamaza kama mtu anayetafuta neno,
likaanza.

Watu wakaja na ndoo. Hakuna aliyeuliza ni nani.
Nikajaza moja nikapanda nayo.
Ngazi ni mia moja na kumi na mbili,
na ya themanini imebomoka.

Tusekile alikuwa jikoni anapuliza kuni mbichi.
Hakuitazama ndoo. Akauliza bila kugeuka:
"Yanatoka?"
"Yanatoka, mama."

Ndipo akanishika mikono, akaigeuza,
akaiona mipasuko,
akasogeza kigoda karibu na moto.