Fundo la Ngamia

Siku ya kwanza waliletwa kumi na wanne,
wengine kwa pikipiki, wamefungwa kwa mshipi mgongoni pa baba,
mmoja juu ya lori la sufu, nywele zimejaa mbegu za nyasi.
Tuguldur alikuja juu ya farasi wake mwenyewe.
Baba akamshusha, akaondoka na farasi kwa kamba,
na mtoto akabaki uwanjani, miguu imepanuka bado,
kana kwamba tandiko lingali pale.

Mimi ni mlezi wa bweni. Yangu ni makaa, mashuka,
chawa, na kilio cha saa tatu usiku.
Kusoma si kazi yangu, ila ukuta baina ya jiko langu na darasa
ni mbao tupu,
na kila Septemba naanza la kwanza upya.

Herufi? Bado.
Wiki nzima Mwalimu Tsendsuren aliwafundisha kukaa.
Kukaa, watu wa miaka sita
wanaojua sura za kondoo mia mbili, mmoja mmoja!
Kiti hakipigwi teke kiende.
Kengele si ya beberu.
Mlango hubishwa: hodi, kisha unangoja.
Kwao nyikani mgeni hapigi hodi,
hupaza sauti angali mbali, “Zuieni mbwa!”
Tuguldur akapaza vivyo hivyo mlangoni pa mkuu wa shule,
na mkuu, asiyefuga hata paka,
akatoka akiangalia nyuma yake.

Udongo, wanasema, uwahi ungali maji.
Huyu alikwisha kuwahiwa na upepo.

Wakachora vijiti. Wakachora kulabu.
Ukurasa mzima wa kulabu zisizoning'iniza kitu.
Wakahesabu kwa vifundo vya miguu ya kondoo, moja hadi kumi,
na nikamsikia akiuliza,
“Wengine wako wapi?”
Mwalimu akasema kumi zinatosha kwa leo.
Hakuridhika. Jioni alirudi kunihesabia viazi vyangu vyote,
thelathini na saba,
akatafuta wa thelathini na nane chini ya meza.

Siku ya duara lenye mstari katikati,
Namuun, mdogo kuliko wote, alicheka:
“Huyu amevaa mshipi, anasafiri.”
Tangu hapo hakuna aliyeisahau herufi ile.

Usiku wa tisa, au wa kumi, nikaamka kutia makaa,
nikakuta vitanda vyote sita vimefungwa pamoja
kwa kamba ya manyoya, mguu kwa mguu, safu moja.
Nilivuta fundo. Nililing'ata. Nikaenda kuchukua kisu.
“Kamba haikatwi,” akasema gizani, hakuwa amelala.
“Mbona umewafunga?”
“Wasitawanyike.”
Akalifungua kwa vidole viwili,
fundo la ngamia, ambalo ngamia akivuta hukaza
na mtu akigusa hulegea.

Mtoto huyo huyo kamba za viatu zilimshinda.
Siku nne tulikaa kizingitini, mimi na yeye,
kitanzi, kingine kinapita chini, vuta. Hapana. Tena.
Akaniuliza viatu vinafungwa ili visikimbilie wapi.

Wiki ya tatu mama yake alifika na mfuko wa jibini kavu,
vumbi hadi kwenye kope.
Tulikuwa uwanjani, barafu ya kwanza kwenye ndoo.
Nilidhani atakimbia.
Alipiga hatua tatu, akasimama wima,
kamba za viatu zimekaa sawa pande zote mbili,
akainua mkono wa kulia,
kiwiko kimenyooka kama alivyofundishwa,
akangoja.

Mama akanitazama mimi.
Hakujua anangojewa aseme nini.