Malkia Asiyepiga Picha

Kanuni ilikuwa moja, Gakii aliibandika mlangoni:
"Leo hatuangalii picha. Picha tumezitazama miaka sita.
Leo twaangalia sura."

Ghorofa ya pili, Barabara ya Luthuli,
juu ya duka la spika lisilojua Jumamosi ni nini,
meza ya kupigia pasi ikatandikwa kanga
na kamera kumi na moja zikaketi
kama maharusi walionuniana,
kila moja ikitazama upande wake.

Usicheke. Wewe hukuona maandalizi.
Hirani yake aliipiga mswaki kwa dawa ya meno,
akaingia kila pembe kwa pamba ya masikio.
Oriaro alileta ya baba yake, ile ya kukunjua kama kinanda,
ndani ya kikapu, imefunikwa kitambaa
kama ugali wa mgeni.
Nami, sitaficha, usiku wa kuamkia
niliiba rangi ya kucha ya dada yangu
nikaziba mkwaruzo tulioupata Naivasha.
Nyeusi kwa nyeusi. Nani angejua?

Jaji alijua.

Jaji alikuwa Bi Zeituni, fundi cherehani wa chumba cha pili,
tuliyemteua kwa kuwa hajui lenzi wala hajali.
Alivaa miwani, akavua, akavaa.
Akazipima viuno kwa utepe wake.
Akazinusa. "Hii imelala na vitunguu,"
na Oriaro akainamisha kichwa.
Alipofika kwangu alikwangua kwa ukucha, mara moja tu,
rangi ikabanduka, akaipeperusha kwa pumzi.
"Huyu amepakwa poda. Na kovu bado analo."

Ya Mutheu ilitolewa mapema.
Utepe wa mafundi umeme kiunoni,
bendi ya mpira ikishikilia mlango,
kizibo cha soda mahali pa kitufe.
"Huyu ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari,"
na Mutheu akaivaa tena shingoni,
akaegemea ukuta, akala njugu.

Mshindi alikuwa wa Hirani.
Fedha tupu, na ngozi ya rangi ya chai ya maziwa,
jicho jeusi lenye samawati kwa ndani
kama mafuta juu ya dimbwi.
Ukiishika, huwezi kuongea haraka.
Tukamvika utepe wa satini, mabaki ya gauni la mtu,
Gakii akatangaza, vigelegele vikapanda,
halafu sauti ikauliza (nadhani ilikuwa yangu, kwa wivu):
"Mara ya mwisho kupiga picha ilikuwa lini?"

Hirani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.
"Ilikwama," akasema, "harusini kwa mama yangu mdogo.
Ngara. Kabla hamjazaliwa."
"Wahenga walisema mkakasi..." Oriaro akaanza,
na Bi Zeituni akamkata kama uzi:
"Mliniita nichague mrembo. Mngetaka mpishi mngesema."

Ndipo tukataka ukumbusho.
Tukageuka huku, tukageuka huku.
Kumi ziko mezani, zimevuliwa betri na filamu
ili zisionekane nene.
Simu zimefungiwa kabatini
kwa kanuni ya pili, ambayo sikuitaja.

Mutheu akapangusa chumvi mikononi.
"Zimenibakia tatu," akasema. "Sogeeni dirishani."

Picha ilirudi kutoka kusafishwa baada ya wiki mbili.
Bi Zeituni amefumba macho.
Hirani ni bega tu.
Malkia amemezwa na kiganja,
kiganja cha nani, twabishana hadi leo,
na nyuma yetu, kwenye kioo cha dirisha,
katikati kabisa, wima, bila haya,
bendi ya mpira,
na kizibo cha soda kinang'aa
kama kipini puani.