Uzi wa Bibi Harusi

Nilifunga duka Jumamosi saa tano,
cherehani nikaifunika kanga,
gauni la Ndelilio likabaki linaning'inia
bila mkono wa kushoto.
Harusi ni wiki hii. Najua. Msinikumbushe.
Nilikuwa na siku moja na nusu, na mvua ilikuwa imenyesha mlimani.

Kiwera alinipandisha kwa pikipiki
juu ya Kibosho, hadi lami ilipokata tamaa.
"Shangazi, samaki wamejaa Mbuyuni,
tena wamekwisha kukaangwa."
Nikampa elfu tano. Kesho saa kumi, nikamwambia.
Akashuka anacheka, injini imezimwa, anaokoa mafuta.

Fimbo ni ya baba.
Mgeni mmoja wa hoteli aliivunja ncha, akaitupa;
baba akaiokota, akaiunga kwa spoku ya baiskeli na uzi,
uzi wangu, wa shule, wa somo la ushonaji.
Nilichapwa kwa ajili ya uzi ule.
Bado umeshika.

Na nzi nilimfunga mwenyewe, usiku, kwa taa ya cherehani:
unyoya wa shingo ya jogoo wa jirani
(jirani hajui),
manyoya kidogo ya sungura,
na kiunoni uzi wa dhahabu.
Ule wa Ndelilio. Mita moja.
Haya, mbili.

Maji yalikuwa nusu.
Zamu ya mfongo ilikuwa ya kina Mashina,
walifungua tangu alfajiri, wananywesha maharage,
na mto umebaki visima visima
vilivyoungwa kwa mnong'ono.
Nikapiga goti kwenye jiwe la utelezi,
kibali kimelowa mfukoni, magoti yanalalamika.

Trauti si mwenyeji wa huku.
Baba alisema babu wa babu yake alipanda mlima ndani ya debe,
kichwani mwa mtu ambaye hakuambiwa amebeba nini.
Sasa anaijua kila korongo kuliko mimi,
mimi ambaye kitovu changu kimezikwa mgombani, pale chini.

Baba alisema: usimtangulizie kivuli.
Alisema: tupa kama unavyomfunika mtoto aliyelala.
Alisema na mengine, ya Kichagga, nzi akinasa mtini,
ambayo siyaandiki
lakini niliyasema yote.

Nilinasa mti mara nne.
Mara ya tano nzi alishuka polepole,
akaelea, mwongo mdogo mwenye kiuno cha dhahabu,
akapita jiwe, akapita povu,
na maji yakafumbua mdomo.

Yule wa kwanza alikuwa kiganja tu,
madoa mekundu kama vichwa vya pini zangu.
Nililowesha mkono kabla ya kumshika.
Baridi yake ilipanda hadi kwenye kiwiko.
Nikamrudisha, akasimama kidogo kati ya vidole vyangu
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
kisha hayupo.

Wa pili sikumwona.
Niliona mgongo tu, na fimbo ikainama pale pale penye spoku,
nikasema baba, baba, kwa sauti,
na uzi ukawa mwepesi.
Uzi wa baba haukukatika. Ulikatika wa dukani, mpya.
Nzi akaenda naye.

Nililala kwa Mama Siaeli, nikala ndizi za kuchoma,
nikamdanganya kwamba samaki walikuwa wengi.
Usiku kucha mfongo ulipita nyuma ya nyumba
ukipeleka mto kwenye maharage.

Leo Jumatatu Ndelilio amekuja kujipima.
Amegeuka, ametabasamu kwenye kioo,
kisha kidole chake kimefuata darizi ya ukosi,
kimefika mahali, kimesimama.
"Fundi, mbona hapa dhahabu imeishia njiani?"

Huko juu, chini ya jiwe, kuna mtu wa baridi
aliyevaa kabla yake.

Nina pini tatu mdomoni. Siwezi kujibu.