Tambi za Chumvi

Ijumaa, Ruwi, nyuma ya duka la saa,
kiyoyozi kinadondoshea maji ndoo ya rangi.
Shangazi Thuwaiba kakaza mtandio, hataki kukaa:
"Tambi ni za sukari na iliki.
Tambi za mchuzi ni chakula cha mgonjwa."

Rohaya katoka jikoni, kitambaa begani:
"Apa khabar?"
"Njema," kajibu shangazi, upesi, kama aliyeitwa kwa jina la utotoni,
ndipo akakaa.

Bakuli likaja na mvuke wake:
tambi nene, kamba wawili, nusu yai,
mafuta mekundu yakielea.
Vijiti akaviweka kando kama kalamu za mtu mwengine.
Kijiko. Kimya. Kijiko tena.
"Nazi hii?"
Rohaya akatabasamu, akaingia ndani,
akarudi na sahani ya wali mweupe.

"Si wali, mama. Nazi!"
Rohaya akaongeza wali.

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia,
ile nzito, maziwa ya kopo yametuama chini kama tope tamu.
Shangazi hakucheka. Alipanua magoti,
akakuna nazi isiyokuwepo kwenye mbuzi asiyekuwepo,
akakamua, akachuja.

"Aaa! Kelapa!"
Na Rohaya naye akakuna hewa,
kwa mkono wa kushoto.

Riyali tatu na baisa mia sita.
Wali tuliubeba.
Garini shangazi kajipepea kwa risiti:
"Pilipili nyingi mno," kasema.
"Ijumaa ijayo tuje mapema, kabla hapajajaa."