Ng'ambo ya Kongowe

Nimegeuza kalenda ya bucha, ya mwaka uliokwisha,
mgongo wake mweupe nikautandaza mezani,
nikaubana kwa kopo la chumvi na kesi ya miwani.
Nikachora mstari: Tabata, Mbagala, Kongowe,
kisha mkono ukasita.
Ng'ambo ya Kongowe sijawahi kwenda
pasipo mtu kufa, au kuoa.

Ikwiriri tulipeleka mahari, tukarudi usiku uleule,
kumi na mmoja ndani ya gari la watu saba,
na mto Rufiji niliuona mara moja tu,
juu ya bega la mtu aliyesinzia.

Miaka ishirini na sita bandarini
nimegonga mihuri karatasi za magari ya wenzangu:
hili la Lubumbashi, hili la Lusaka, hili la Kigali,
yangali na plastiki vitini.
Naijua mipaka yote kwa majina,
kama mtu ajuaye vyakula kwa kuosha sahani.

Sasa ninalo langu. Umri wake na wa kitinda mimba wangu ni mmoja,
mlango wa kushoto hufunguka kwa kubembelezwa.
Mkude, fundi wa Gerezani, kazamisha kichwa kwenye boneti,
akaibuka na sauti ya daktari mwenye haya:
"Mama, litafika. Ila usilikimbize."
Nikacheka hadi akajifuta mikono mara ya pili.

Siku ya kwanza, kilomita arobaini. Basi.
Nitalala Mkuranga, mahali mabasi hayapunguzi hata gia,
nile muhogo wa moto na pilipili ya kupondwa
nikiwa nimekaa kitako, viatu pembeni.
Siku ya pili, Kimanzichana:
jina hilo peke yake linatosha asubuhi nzima.
Bungu nitakata kushoto, niteremke hadi Nyamisati,
gari nimwachie mwenye ua na mbwa mvivu
(sijampata bado, lakini yupo),
nivuke kwenda Mafia na begi moja.
Kisiwani sikupanga kitu. Nimeandika *kisiwa*,
nikaacha nafasi ya vidole vinne.

Zawena kapiga simu. "Unakwenda kwa nani?"
Siendi kwa mtu.
"Nani anaumwa?"
Hakuna.
Kimya. Nikasikia feni yake ya Magomeni ikizunguka,
ikikwaruza palepale inapokwaruza tangu Ramadhani.
"Haya. Basi umepata bwana."

Baba Kulwa naye, ukutani, na mswaki mdomoni:
tairi likipasuka porini, peke yako, je?
Nitashuka, nikamwambia. Nitalitazama.
Na methali yao ya haraka na baraka asinisomee;
nimeisoma mgongoni mwa malori
yaliyonipita Barabara ya Kilwa kama yanafukuzwa.

Jeki. Pembetatu mbili. Dumu la maji.
Mto wangu mwenyewe, maana ya gesti ina vichwa vya watu.
Dawa za presha: safari ni siku kumi na moja,
vidonge nimenunua vya mwezi.
Muuza duka la dawa hakuuliza.

Baada ya Nangurukuru karatasi ikaisha.
Kilwa ikabaki hewani, pembeni mwa meza,
kwenye doa la chai.
Nikaigeuza kalenda, mstari ukaendelea upande wa pili,
juu ya picha ya ng'ombe, juu ya namba ya simu ya bucha,
ukashuka Novemba, ukaingia kwenye tarehe tisa
niliyoizungushia wino mwekundu,
siku tuliyomlaza mama Kibiti
na saa nane mchana tukawa tumesharudi mjini,
maana dereva alikuwa na abiria wengine.

Hapo kalamu ikapunguza mwendo.
Nikaandika, kwa herufi ndogo: *kulala, siku mbili.*
Kisha nikaivuta tena, polepole, kuelekea Desemba.